Miaka 11 chini ya kalenda ya Yeremia 29:11

Mwanzilishi wa uzi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Nyumbani kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, juu ya televisheni, kuna msumari ambao haujawahi kukaa bila kalenda ya kanisa. Kila Januari tunatoa ya zamani na kutundika mpya. Picha hubadilika, mwaka huu maporomoko ya maji, mwaka ujao mchungaji na mkewe, lakini andiko la chini ni lilelile: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nimelisoma nikipiga pasi, nikikatakata sukuma, nikilia. Tumeoana miaka 11 na mtoto hatujapata.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alituambia anaacha wokovu. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba amechoka kumngoja Mungu asiyejibu. Nilimshika mkono nikakosa la kumwambia. Nimezunguka na jambo hilo siku sita, na haya ndiyo ningemwambia jioni ile.

Mwaka juzi stima zilipotea mtaani usiku mzima. Nikawasha taa ya simu nikafungua Yeremia 29 yote, kuanzia mstari wa kwanza, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka yote ile niliyoishi chini ya mstari wa 11. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli. Na mstari wa 10, ule ambao haujawahi kutufikia kwenye kalenda, unasema miaka 70 itimie kwanza.

Miaka 70! Niliweka simu chini nikapiga hesabu. Mama wa miaka 30 aliyesikia barua ile ikisomwa alikuwa anaambiwa kwamba hatarudi nyumbani. Atazikwa ugenini. Wajukuu wake ndio watakaorudi. Na bado Mungu anamwambia mama huyohuyo kuwa mawazo yake juu yake ni ya amani.

Sasa rudini sura moja nyuma. Sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania mwana wa Azuri. Huyu anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote na kusema ndani ya miaka miwili kamili kila kitu kitarudishwa. Miwili! Yeremia mwenyewe akajibu, "Amina, BWANA na atende hivi." Hilo lilinigusa sana. Yeremia naye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Usiku ule nilijua kuwa kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma andiko la Yeremia kwa masikio ya Hanania.

Mwaka wa nne wa ndoa nilianza kwenda ibada za saa ya chakula cha mchana mjini, kwenye ukumbi mmoja juu ghorofani. Mhubiri aliniita mbele akaniambia, "Wakati kama huu mwakani utamkumbatia mwana." Kisha akasema neno hilo lifungwe kwa mbegu, yaani sadaka, ya shilingi 10,000. Nilikuwa nimetoka kupokea zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana pesa. Nikatoa. Niliambiwa pia nionyeshe imani kwa kununua nguo za mtoto, nami nikashuka Gikomba nikanunua: kofia mbili za sufu, soksi, blanketi la manjano, vifulana sita. Nikavikunja kwenye sanduku chini ya kitanda.

Mwaka ukaisha. Niliporudi kumuuliza nikaambiwa imani yangu ilikuwa na tundu.

Wapendwa, neno lile la "mwakani" limo kwenye Biblia kweli, 2 Wafalme 4:16, Elisha na mwanamke Mshunami. Lakini isomeni mpaka mwisho. Mama yule hakuomba mtoto. Hakutozwa kitu. Alikuwa amempikia mtumishi wa Mungu na kumjengea chumba juu ya nyumba kwa hiari yake, na Elisha alipouliza atendewe nini alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake, yaani hana shida. Na mtoto alipokufa alimwendea Elisha moja kwa moja akamshika miguu akamwambia, "Je! Naliomba mwana kwa bwana wangu?" Anayeuza mstari wa 16 huwa hafiki wa 28.

Ntaendelea jioni. Natoka kwenda kazini.

Mchangiaji, Githurai

Amina dada. Mimi swali langu ni moja. Nimemaliza chuo, miaka mitatu nazunguka na bahasha ya makaratasi Industrial Area, geti kwa geti. Mama yangu aliota ndoto nimekaa ofisini, na mchungaji akasema ni ahadi. Mtu atajuaje kama ahadi ni yake kweli au ni sisi tumejiahidi?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu wa Githurai, umeuliza kile ambacho mimi nilichelewa kujiuliza miaka minane.

Nilikaa chini na daftari. Upande mmoja nikaandika yale ambayo Mungu amemwahidi kila anayemwamini. Yesu alisema, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari." Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Msamaha. Roho wake. Ufufuo wa wafu. Upande wa pili nikaandika yale ninayoyataka kwa moyo wangu wote, na juu kabisa nikaandika: mtoto. Kisha nikatafuta ni wapi Mungu alisema na mimi, kwa jina langu, kwamba nitazaa. Sikuona. Ibrahimu aliambiwa. Mimi niliambiwa na mtu mwenye kipaza sauti.

Niliandika hivyo mkono ukitetemeka. Nilidhani nikikubali hilo imani yangu itaanguka. Haikuanguka. Kilichoanguka ni kesi niliyokuwa nimemfungulia Mungu, kwamba amenidhulumu kitu alichoniandikia. Hakuwa ameniandikia. Na kwa kuwa hakuniahidi, mtoto akabaki kuwa ombi, na ombi ninaweza kulipeleka hata mara elfu bila kumdai.

Ndoto ya mama usiitupe. Ombeni nayo. Lakini usiishi kana kwamba Mungu ana deni la ofisi kwako, maana kila geti litakalofungwa utasikia kama ni Yeye amelifunga usoni pako.

Mchangiaji, Kayole

Dada samahani lakini uzi kama huu unavunja watu moyo. Hana alilia hekaluni akapata Samweli. Sara alikuwa na miaka 90. Ukisema labda Mungu hajaahidi unafungua mlango wa shaka. Kiri ushindi!

Mwanzilishi wa uzi

Dada yangu, sikukasirikii. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine maneno hayo.

Twende kwa Hana basi, 1 Samweli 1. Mke mwenzake alimchokoza mwaka kwa mwaka. Pale hekaluni hakukiri ushindi, alimimina uchungu mpaka Eli akadhani amelewa. Eli akamwambia aende kwa amani. Sasa soma mstari wa 18: akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Mimba haijaingia. Kesho yake ndiyo wanasafiri kurudi Rama. Lakini ameshakula. Nimeisoma hadithi hii tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kukiona kile chakula. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepunguza kula, na kucheka, na kutembelea watu wenye watoto, yote nikiyaahirisha mpaka siku Mungu atakaponijibu.

Na Sara. Tunapenda kuhesabu 90 na kuruka katikati. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na 100. Ni miaka 25, na humo katikati kuna Hajiri. Walikuwa wamekaa Kanaani miaka kumi Sara alipochoka akamtoa mjakazi wake, na Ibrahimu alikuwa na 86 Ishmaeli alipozaliwa. Watu wa imani kubwa walishindwa kungoja, na gharama ya kushindwa kwao ililipwa na msichana wa kazi na mtoto wake, jangwani, kiriba cha maji kikiwa kimekauka. Kwetu jambo hili si la Agano la Kale. Mwaka wa saba wazee wa upande wa mume wangu walimwita Murang'a bila mimi. Alirudi usiku, akavua viatu, akaniambia, "Wameniambia nitafute huko nje. Nimewaambia mke ninaye." Hatukulizungumza tena. Namshukuru Mungu kwa mtu huyo kila asubuhi.

Tena kuna ahadi ya nchi. Ibrahimu aliahidiwa nchi yote ile, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Alipokufa ana miaka 175, kipande tunachosoma kuwa alikinunua kikawa chake ni shamba la Efroni lenye pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha, mahali pa kumzika Sara. Kaburi. Ndiyo maana Waebrania 11:13 inasema, "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia." Ile sura tunaiita ya mashujaa wa imani, na imejaa watu waliokufa kabla ya kupokea.

Shaka haiingii kwa kusoma haya. Iliyoniletea shaka ni ile tarehe niliyopewa, ikapita.

Na nchi hii tumeona tarehe zinaweza kufika wapi. Mwaka 2023 msituni Shakahola, kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofundishwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto pia. Hao nao walikuwa wanangoja ahadi. Siwezi kulisema hili upesi wala kulifanyia mfano. Nasema tu kwamba anayekuambia lini na kwa njia gani Mungu lazima atimize, na anakutaka uache kula, uache dawa au utoe akiba yako, simama uondoke.

Mchangiaji, Rongai

Mtumishi, tufundishe basi. Unangojaje? Mimi kila Jumapili naenda kanisani narudi vilevile.

Mwanzilishi wa uzi

Mimi si mtumishi, ni mshirika tu. Nitakueleza ninavyofanya.

Mamangu ni mkulima Machakos. Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba kwenda Desemba, na wengi hupanda kabla haijanyesha, udongo ukiwa mkavu hadi unapanda vumbi. Ukingoja inyeshe ndipo utafute jembe, umepoteza maji ya kwanza, na mvua yetu haina siku za kupoteza. Kwenye ule ukame wa 2020 hadi 2022 mama alipanda mahindi na pojo, vikaoza au kuliwa na ndege. Msimu uliofuata akapanda tena. Nilimpigia simu kumwambia aache kupoteza mbegu. Akaniuliza, "Na ikinyesha itakuta nini?" Hakusema kuwa itanyesha. Alitaka tu shamba lisikutwe tupu.

Kwa hiyo naomba, na siku nyingine naomba kwa Zaburi 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Watu huogopa kuomba hivyo. Ni maneno Mungu mwenyewe aliyoyaacha ndani ya Biblia ili tusikose la kusema. Tulienda hospitali, tukapimwa wote wawili, na nawasihi wanaume mlio humu: nendeni mpimwe. Shida ya uzazi inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili, na kuna dada wengi wanaobeba aibu isiyo yao kwa sababu bwana amekataa kutoa sampuli. Kwangu ni mirija. Matibabu tunayajua, na bei yake tunaijua, tunaweka akiba polepole.

Nafundisha shule ya Jumapili, darasa la miaka minne hadi sita. Nilikataa mara mbili kabla ya kukubali. Siku ya kwanza mtoto mmoja alilala mapajani mwangu wakati wa maombi nikatamani kukimbia. Sasa ni mwaka wa tatu.

Na siku ngumu kuliko zote niwaambie, mnisaidie kuipeleka kwa wachungaji wenu: Jumapili ya akina mama, mwezi wa Mei. "Akina mama wote wasimame wapewe ua." Umekaa peke yako kwenye benchi, kanga za wenzako zimekuzunguka kama ukuta, na mtoto anayegawa maua hajui akupe au akupite. Mwaka mmoja nilitoka nikaenda kusimama kwenye kituo cha matatu mpaka ibada ikaisha. Mwaka uliofuata mama mmoja mzee alinivuta mkono akasema, "Simama, wewe unalea wangu kila Jumapili." Nilisimama. Ua lile nililikausha, limo kwenye Biblia hapo Waebrania.

Mchangiaji, Mombasa

Nasoma kimya. Hiyo Waebrania 11:13 imenikumbusha kaburi la mke wa Krapf huku kwetu.

Mwanzilishi wa uzi

Asante sana kwa kumtaja, nilikuwa namfikiria tangu asubuhi na sikujua nitamwingizaje.

Kwa wasiojua: Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliingia Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina akiwa mjamzito. Julai mwaka uleule Rosina akafa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na kitoto kile cha kike kikamfuata baada ya siku chache. Mwaka huohuo Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mwanzo, wapendwa, kitabu chenye Sara na Isaka. Nimewaza mara nyingi alivyokaa na kalamu akitafuta neno la Kiswahili la kucheka, pale Sara anapocheka hemani, na nyumba yake ni tupu.

Mwaka 1846 akaanzisha kituo cha misheni Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann. Waliobatizwa miaka ile ya mwanzo unaweza kuwahesabu kwa vidole. Mmoja wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu na mgonjwa, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Krapf akaondoka 1853, mgonjwa. Rebmann akabaki hadi 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Hakuna hata mmoja aliyeona alichokiomba. Sensa ya 2019 imehesabu Wakristo kuwa zaidi ya 85 katika kila Wakenya 100.

Sisemi wao walifanya yote, wala kwamba walikuwa malaika. Injili ilienezwa nchi hii na Waafrika wenyewe, makatekista waliotembea kwa miguu, na ndugu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki, miaka ya 1930 waliosimama sokoni kuungama dhambi zao. Lakini nikiangalia kalenda yangu namfikiria mtu yule Rabai anayemzika Mringe, anafunga kitabu, na kesho anaamka kuendelea na kamusi yake.

Mchangiaji, Kayole

Dada nimesoma yote. Mimi ni mwaka wa sita. Sikusema pale juu.

Mwanzilishi wa uzi

Oh, mpendwa. Niandikie faraghani leo usiku, saa yoyote. Sitakuambia lolote, tutaomba tu. Na kama una siku ya kliniki na huna wa kukusindikiza, mimi Jumanne sifanyi kazi.

Mchangiaji, Rongai

Na lile sanduku la nguo?

Mwanzilishi wa uzi

Nilijua mtu ataliuliza.

Agosti mwaka jana binti wa plot yetu, hana mume wala jamaa hapa Nairobi, alijifungulia hospitali ya Pumwani. Alirudi na mtoto amefungwa leso. Nilipanda ngazi, nikalivuta sanduku chini ya kitanda, nikakaa nalo sakafuni karibu saa nzima. Ilikuwa kama kumwambia Mungu nimeacha kungoja. Mume wangu alinikuta pale. Hakusema kitu, alilibeba upande mmoja mimi upande mwingine, tukashuka nalo. Vifulana vilikuwa vimekuwa na harufu ya chumba, tukavifua kwanza. Blanketi lile la manjano naliona kwenye kamba kila wiki, na mtoto ameanza kutambaa.

Bado naomba mtoto. Kesha la Ijumaa hii nitakuwepo, na ombi langu la kwanza ni hilohilo la miaka 11. Yule dada aliyesema anaacha wokovu nimempigia simu leo mchana. Hakutaka kuzungumza habari za Mungu, kwa hiyo tulizungumza bei ya unga. Amesema nimpigie tena Jumapili.

Ndugu wa Githurai, uko? Mume wangu anasema pale wanapofanya kazi, Enterprise Road, wanatafuta mtu wa kuandika mizigo stoo. Si ofisi. Nitumie ujumbe usiku huu, na kesho saa moja asubuhi uwe getini na ile bahasha.